Hesabu injini kwanza: namna tunavyosoma picha za ndege za Stanleyville

Bandugu, tuanze na picha ambayo wengi wetu tumeshaipokea kwenye telefone. Ndege imekaa juu ya maji, mabawa yake ni ya ghorofa mbili, mtu mmoja ameshika kamba ya pua, nyuma yake pori. Chini yake mtu ameandika: «Ndege ya kwanza ya Sabena, Stanleyville, 1920». Ile picha inatoka kikundi kimoja cha WhatsApp inaingia kingine, inatiwa kopa nyekundu, wazee wanaandika «enzi zile!», na baada ya miezi miwili unaikuta ndani ya TFC ya mwanafunzi, na chini yake: «Chanzo: Facebook».

Maelezo yale hayawezi kuwa ya kweli, na si lazima uwe fundi wa ndege ili kulijua. Sabena ilianzishwa tarehe 23 Mei 1923. Mwaka 1920 haikuwako. Ao mwaka ni wa uongo, ao jina la kampuni ni la uongo, ao yote mawili. Mkuu wa kazi anayesahihisha TFC hakuliona, jury hawakuliona, na mwanafunzi wa mwaka utakaofuata atainakili kutoka TFC, siyo tena kutoka Facebook. Hapo imekuwa historia.

Nataka kuzungumza juu ya ufundi mmoja ambao hapa kwetu tunauchukulia sawa mchezo wa watoto: kutambua ndege za raia za kati ya vita viwili vikuu, yaani 1919 mpaka 1939, kwa kutazama picha za zamani. Ulaya kuna watu wanaoufanya kila siku, wengi wao wastaafu, wenye subira ya mvuvi. Nitawasifu, kiisha nitawagombeza. Na sisi pia sitatuacha, juu mji ni wetu.

Kwanza, faida yake. Picha nyingi za Stanleyville ya zamani hazina tarehe. Nyumba haisaidii sana: nyumba ya matofali inaweza kukaa miaka 40 na sura ile ile. Nguo zinadanganya, juu mtu wa siku ya kupigwa picha alivaa suti ya kuazima ao ya baba yake. Hata miti inadanganya. Lakini ndege ya wakati ule ilikuwa inazeeka upesi. Miaka mitatu minne, imeanguka, ao imevunjwa vipande, ao imeuzwa, na mahali pake imekuja ya sura nyingine kabisa. Kwa hiyo ndege ndani ya picha ni sawa saa iliyosimama: haikuambii kila kitu, lakini inakuambia saa ngapi ilisimama. Ukijua ndege, umejua miaka, na ukijua miaka, umejua pia ile nyumba ya nyuma ilikuwa imeshajengwa ao bado.

Sasa turudi kwa ile ya kwenye maji. Hesabu injini kwanza. Iko na injini moja tu, imewekwa juu, katikati ya bawa la juu na bawa la chini, na propela yake inatazama nyuma, inasukuma, haivuti. Tumbo lake ni tumbo la mashua kabisa. Haikai juu ya magurudumu, wala juu ya maboya mawili, inakaa juu ya tumbo. Hiyo ni sura ya Lévy-Lepen, ndege ya Kifaransa yenye injini ya Renault ya nguvu za farasi 300. Na Lévy-Lepen ndizo zilizotumika kwenye LARA, Ligne Aérienne du Roi Albert, laini iliyofuata mto kutoka Kinshasa. Kipande cha kwanza, mpaka Ngombe, kilifunguliwa tarehe 1 Julai 1920. Stanleyville ilifikiwa 1921. Mwaka 1922 yote ikafungwa. Mwenye kazi hakuwa Sabena, alikuwa SNETA, shirika la Wabelgiji la kujaribu usafiri wa ndege, lile ambalo Sabena ilikuja kutoka ndani yake.

Basi ile picha, kama kweli ni ya hapa, ni ya 1921 ao 1922. Siyo 1920, siyo Sabena. Na huo ukweli unapendeza kuliko ule uongo. Fikiria: zaidi ya miaka 100 iliyopita, mbele ya watu wengi wa Afrika hawajaona hata motokari, kulikuwa na laini ya ndege ya kilometa zaidi ya 1,700 iliyoishia mbele ya mji wetu, na ilikufa ikiwa na miaka miwili tu. Maelezo ya «Sabena 1920» yanaifuta LARA yote kwa maneno mawili.

Nimesema «kama kweli ni ya hapa», na hapo ndipo sisi watoto wa Boyoma tunawapita wale mafundi wa Ulaya. Mto wetu ukishatoka kwenye maporomoko unaelekea magharibi. Simama upande wa Makiso, tazama Lubunga: maji yanatoka kushoto kwako yanaenda kuume. Mashua iliyofungwa kwa pua inajigeuza yenyewe kukabili maji. Muulize Mwagenia yeyote. Ndege ya majini, kama upepo umetulia, nayo inafanya vile vile. Kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka ukingo wa Makiso inapaswa kuonyesha pua upande wa kushoto. Ukiona pua inatazama kuume, uliza: mpiga picha alikuwa amesimama Lubunga? Ao picha imegeuzwa wakati wa kuchapa, jambo ambalo kwa negativi za kioo lilitokea mara mingi? Ao siyo hapa kabisa, ni kituo kingine cha mto? Hakuna kitabu cha ndege kitakachokupa hiyo. Inatoka kwa kukaa kando ya maji.

Kuna watu watasema: ndugu, hizo ni hesabu za mtu asiye na kazi. Bon. Lakini tazama kinachotokea tukiacha.

Chukua Edmond Thieffry. Jina lake linabandikwa kwenye kila picha ya ndege ya zamani yenye Mzungu mwenye kofia ya ngozi. Thieffry alikuwa mwanasheria wa Brussels na rubani wa vita ya 1914–1918, na ndiye wa kwanza kuleta ndege kutoka Ubelgiji mpaka Kongo. Aliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51, pamoja na Léopold Roger na Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa Handley Page W8f, jina lake Princesse Marie-José, yenye herufi O-BAHO: mabawa ya ghorofa mbili, injini tatu, moja puani na mbili katikati ya mabawa. Njia yao ilipita Sahara, Niamey, Fort-Lamy, Bangui, kiisha wakashuka mpaka Léopoldville. Stanleyville hawakufika. Kwa hiyo kila picha ya «Thieffry akitua Stanleyville 1925» ni hadithi ya kubuni, hata kama ndege iliyomo ni nzuri namna gani.

Kuna mtego wa pili, na huo ni mbaya zaidi. Tarehe 23 Februari 1935 Sabena ilianza safari ya kawaida Brussels–Léopoldville, rubani akiwa Prosper Cocquyt pamoja na Jean Schoonbroodt. Ndege yao ya injini tatu, Fokker F.VIIb/3m, ilikuwa imepewa jina… Edmond Thieffry. Unaelewa matokeo. Mtu anasikia «ndege Edmond Thieffry», anaandika «ndege ya Edmond Thieffry, 1925», na miaka kumi imepotea pale pale. Thieffry mwenyewe alikuwa amekufa tangu tarehe 11 Aprili 1929, alipoanguka karibu na ziwa Tanganyika ndani ya ndege ndogo ya Kifaransa, Aviméta 92. Kwa kiswahili cha haraka: ndege iliyobeba jina lake haikumbeba yeye.

Na hapa herufi zinasaidia. Ndege za raia zinaandikwa herufi ubavuni na kwenye mabawa, sawa namba ya motokari. Za Ubelgiji zilianza na O-B, kama O-BAHO ya Thieffry. Kuanzia 1929 zikawa OO. Ile Fokker ya 1935 ilikuwa OO-AGH. Ukiona OO ubavuni, acha kusema 1925, hata kama babu yako anaapa. Za Waingereza zilianza na G, za Wafaransa na F, za Uswisi wa wakati ule na CH, na jirani zetu wa Kenya walipata VP-K. Kwa hiyo hata pale herufi za mwisho zimefifia, ile ya kwanza peke yake inaweza kukuambia ndege ilitoka upande gani wa mpaka.

Kazi ngumu zaidi ni ya miaka ya 1930, juu ndege za injini tatu zinafanana. Wengi wetu tukiona injini tatu tunasema «Fokker» na tunafunga mazungumzo. Fokker F.VIIb iko na bawa moja, nene, la mbao, juu ya mwili. Injini zake mbili za pembeni zinaning'inia chini ya bawa, zimeshikwa na vyuma vyembamba, unaona hewa kati yake na bawa. Lakini upande wa pili wa mto Ubangi, Wafaransa wa Régie Air Afrique walikuwa wanaruka na Bloch 120, nayo bawa juu, nayo injini tatu. Tofauti ni kwamba kwenye Bloch injini zimeingizwa kwenye uso wa bawa lenyewe, na ndege yote ni ya chuma. Zilijengwa chache sana, kama 10 tu. Mtu akiwa na picha ya Bloch 120 ndani ya sanduku la babu yake, na akaiita Fokker, amebadilisha dhahabu kwa shaba bila kujua. Na zaidi ya hapo: amefuta safari. Ndege ya Wafaransa ikionekana kwenye picha ya familia ya Kisangani, kuna swali la kuuliza: babu alikuwa Bangui? Alikuwa Brazzaville? Alienda kufanya nini kule?

Kwa zile zenye bawa chini ya mwili, mambo ni mepesi kidogo. Sabena iliingiza Savoia-Marchetti S.73 kuanzia 1935, na ilikuwa nayo pia Junkers Ju 52. Zote mbili injini tatu, zote mbili magurudumu hayapandi. Tazama ngozi. Junkers imevaa bati yenye mawimbi, kabisa sawa bati ya paa la nyumba. Savoia ni laini. Kama jua la picha ni kali, mistari ya bati inaonekana hata kwenye nakala mbaya. Kama ni jioni, tazama nyuma ya bawa: Junkers iko na kipande cha pili kinachofuata bawa kwa nyuma, na mwanya mwembamba kati yake. Na injini zake za pembeni hazitazami mbele sawasawa, zimegeuzwa nje kidogo, sawa macho ya kinyonga.

Hayo yote nimeyapata kwa kufuata kazi ya wale wapenzi wa ndege wa Ulaya, na heshima yao ni ya haki. Ubora wao wa kwanza ni kwamba hawana haya kusema picha haitoshi. Mtu mmoja anatoa jina, mwingine anamwambia «nguzo ya bawa iko fasi isiyo yake», wa tatu analeta picha ya upande mwingine, na wanaweza kubishana wiki tatu juu ya umbo la usukani wa mkia. Nimekaa katika mikutano ya masomo ambapo tarehe nzima ya kijiji ilipita kwa «wazee wanasema», na hakuna aliyenyosha mkono. Laiti tungekuwa na nusu ya ule ubishi.

Lakini kuna kitu hawakioni, na hawakioni kwa sababu wamefundisha jicho kuona kingine. Mfano wangu ni wa hapa hapa, ndani ya ile iliyokuwa Province Orientale: Faradje.

Tarehe 14 Machi 1939 ndege ya majini ya Imperial Airways, jina lake Corsair, iliondoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba. Ilipotea njia, mafuta yakakaribia kwisha, na rubani Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyevuka Atlantiki na Brown mwaka 1919, akaitua juu ya mto Dungu, karibu na Faradje. Hakuna aliyekufa. Tumbo la ndege likapasuka, ikakaa matopeni. Wakaitengeneza, wakajaribu kuirusha, ikagonga jiwe, ikarudi chini. Kiisha ikaamuliwa kufanya kitu ambacho hata leo ukikisimulia Kabondo watu watakuambia unalewa: kupandisha mto. Walijenga ukuta wa kuzuia maji ili Dungu upate kina cha kutosha kwa ndege kuruka. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi baada ya kutua, Corsair iliondoka. Kijiji kilichozaliwa pale kandokando ya kazi kiliitwa Corsairville, na Graham Coster amekifanya kichwa cha kitabu chake, kilichotoka mwaka 2000.

Sasa tazama namna picha za Corsair zinavyosomwa. Ndege inajulikana mpaka kidole cha mwisho. Short S.23, ya jamii ile ambayo majina yao yanaanza na C: Canopus, Cavalier, Corsair. Herufi G-ADVB. Injini nne za Bristol Pegasus, mabawa ya mita karibu 35 kutoka ncha mpaka ncha, iliyojengwa Rochester. Rubani ana jina, ana ndugu, ndugu naye ana sanamu. Mjenzi wa ukuta? «Wafanyakazi wenyeji». Waliokata mawe, waliobeba udongo, waliosimama ndani ya maji mpaka kiuno wakishika kamba: «wafanyakazi wenyeji». Mafundi wanaoweza kutofautisha ndege mbili za jamii moja kwa tundu la dirisha hawajawahi kuuliza kama mtu aliye kushoto ndani ya picha moja ndiye yule aliye katikati ndani ya nyingine. Jicho ni lile lile, picha ni ile ile. Wangeweza kufananisha. Kovu la uso halibadiliki kila mwaka sawa rangi ya ndege.

Siwalaumu kwa kupenda ndege. Nawalaumu kwa kusema «picha imetambuliwa» na kufunga faili. Picha yenye watu 30 na ndege moja, umetambua ndege, umetambua kitu kimoja ndani ya vitu 31.

Na kuna upande wa pili wa kosa hili, ambao watu wa sanaa wanaupenda zaidi. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefungua studio Léopoldville mwaka 1924, ametuachia kadi za posta zinazouzwa leo bei ya juu sana Ulaya, mfululizo wa L'Afrique qui disparaît, Afrika inayotoweka. Nywele zilizosukwa, wachezaji, wafalme, nyuso nzuri ajabu. Watu kwenye kadi zile wanaonekana sawa hawajawahi kusikia mlio wa injini. Na Zagourski, kabla ya kuwa mpiga picha, alikuwa mtu wa ndege katika jeshi la Urusi! Mtu aliyejua injini kuliko wengi wa wakati wake alifanya kazi yake mashuhuri kwa kuweka injini nje ya fremu. Sisemi alidanganya. Alichagua. Lakini ukiweka kadi zake upande huu na picha za wapenzi wa ndege upande ule, unaona picha moja iliyopasuliwa katikati: huku mashine bila watu, huku watu bila mashine. Babu zetu waliishi kwenye ile pasuko. Walishika kamba ya ndege asubuhi, na jioni walicheza ngoma, siku ile ile.

Sasa zamu yetu.

Hapa Kisangani tuko na ugonjwa wetu. Ukisema «picha ya ndege ya zamani», akili za watu zinaruka moja kwa moja mpaka tarehe 24 Novemba 1964, Simisimi, C-130 za Waamerika na makomando wa Ubelgiji. Ninaelewa. Familia nyingi zimepoteza watu katika siku zile, na kelele ya zile ndege haijatoka masikioni mwa wazee. Lakini matokeo ni kwamba kila kitu cha mbele ya 1964 kimekuwa kitu kimoja: «wakati wa Wabelgiji», tope moja lisilo na miaka. LARA ya 1921, Fokker ya 1935, na ndege za baada ya vita ya pili, zote zimetiwa kikapu kimoja. Kwa mtu anayesoma historia pale UNIKIS, hiyo ni sawa kuchanganya Leopold wa Pili na Lumumba kwa sababu wote wawili walikuwa mbele ya Mobutu.

Ugonjwa mpya zaidi ni programu za telefone zinazopaka picha rangi na «kuzisafisha». Nimeona picha ambayo mwanzoni herufi ubavuni zilikuwa zimefifia, ungeweza kubahatisha O, labda A. Baada ya kupita kwenye programu, herufi zimekuwa kali, nyeusi, nzuri, na hazisomeki kwa lugha yoyote ya dunia. Mashine haikuziona zile herufi, ilizitunga. Mistari ya bati ya Junkers inalainishwa, Junkers inakuwa Savoia. Uso wa mtu wa nyuma, uliokuwa kivuli, unapewa macho na pua ambazo mama yake asingezijua. Halafu ile nakala yenye rangi ndiyo inayosafiri, na ile ya kijivu yenye ukweli inafutwa ili kupata nafasi kwenye telefone. Ukitaka kupaka rangi, paka. Lakini usiwe na nakala moja tu. Na tafadhali, mgongo wa picha! Piga picha mgongo pia. Muhuri wa studio, tarehe ya penseli, jina la mtu aliyetumiwa: mara mingi kila kitu kiko nyuma, na sisi tunatuma mbele tu.

Wengine watasema hatuna maktaba, hatuna pesa. Kweli. Lakini tazama mfano mmoja ambao haukuanza na pesa, ulianza na adabu. Chuo cha ETH cha Zurich kiko na picha za rubani Walter Mittelholzer, aliyetoka Uswisi mwishoni mwa 1926 mpaka Cape Town, alikofika Februari 1927, akiruka na Dornier Merkur CH-171 yenye maboya mawili marefu chini, akapita Nile, Victoria na Tanganyika. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Kile chuo kiko pia na picha za kampuni Swissair, maelfu, nyingi bila maelezo. Walifanya nini? Waliita wastaafu wa Swissair, wakawauliza. Kiisha wakafungua mlango kwa watu wote: unajua kitu juu ya picha hii, andika. Fundi aliyefunga boliti kwa mikono yake anajua kuliko daktari wa historia aliyeona boliti kwenye kitabu.

Sisi tuko na wastaafu wa Simisimi. Tuko na watu wa bandari, watoto wa mabaharia, tuko na Wawagenia wanaojua kila jiwe la mto na jina lake. Tuko na wahitimu ambao kutwa wako kwenye telefone, mimi mmojawapo. Kinachokosa ni mtu wa kusema «hii tarehe inatoka wapi?» bila wengine kumwambia anajiona.

Nilipofika hapa katika kuandika, nilihesabu kidogo juu ya Faradje. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Corsair ilipotua mwaka 1939, leo amepita 95. Wale waliojenga ukuta wenyewe hawapo tena, lakini watoto waliowapelekea chakula pale kazini, mmoja wawili wanaweza kuwa wanakaa bado mlangoni pao, Faradje ao Dungu ao Aba, ao hapa hapa Mangobo kwa wajukuu waliokimbia vita. Mwenye bibi ao babu Mlogo, asimpelekee swali la injini. Amuulize ndege ile waliiita nani kwa Kilogo. Amuulize walilipwa nini, kwa siku ao kwa wiki, na nani alikuwa kapita wa kazi. Amuulize mawe yalitoka kilima gani, na siku ndege ilipoondoka, ule ukuta ulibaki ao maji yaliuchukua, na nani alikuja kuvua samaki pale. Kiisha amuonyeshe picha, ile ya kijivu, siyo ya rangi, na amuache atazame watu.